Maumivu Visiwani: Utafiti Uanzie Wapi?



Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maumivu nayo ni hivyo hivyo. Daktari anaweza kupima joto na damu, lakini hana kipimo cha kumwambia mgonjwa anaumwa kiasi gani. Lazima amuulize mwenyewe. Katika toleo hili tunaeleza kwa nini swali hilo linahitaji utafiti, hasa visiwani, na kwa nini vikundi vyetu vinahusika.

Hali ilivyo

Tuseme kuna mama katika kisiwa kidogo kama Remba au Ringiti. Ana saratani ya mlango wa kizazi, na usiku maumivu yanamzidi. Nyumbani kuna tembe za parasetamoli tu. Dawa yenye nguvu iko hospitali ya ng'ambo. Ziwa limechafuka, na hata likitulia, mafuta ya boti ni ya kununua. Basi mama analia mpaka asubuhi, na jirani zake wanalia pamoja naye.

Si saratani peke yake. Eneo letu la ziwa lina watoto wengi wenye ugonjwa wa selimundu, ambao huleta maumivu makali ya mifupa na viungo. Sababu ni malaria: anayerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja hukingwa kwa kiasi fulani dhidi ya malaria, lakini anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Kuna pia virusi vya ukimwi. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika Homa Bay karibu mtu mzima 1 kati ya 5 alikuwa akiishi navyo. Tena kuna wavuvi wanaoumia migongo na mikono kazini.

Dawa zipo

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaofanana na ngazi. Kipandio cha kwanza ni dawa kama parasetamoli. Cha pili ni kama kodeini. Cha tatu ni mofini, kwa maumivu makali kama ya saratani. Mgonjwa hupewa dawa kwa saa zilizopangwa, bila kungoja mpaka apige kelele.

Watu wengi huogopa mofini. Husema eti ukipewa hiyo, umeshakufa. Sivyo. Ikitolewa na mtaalamu kwa kipimo sahihi, humwezesha mgonjwa kulala, kula na kuzungumza na watoto wake. Lakini ni dawa inayolindwa na sheria. Usiinunue mitaani wala usimgawie mwingine.

Jirani zetu Waganda wametuonyesha njia. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Huko unga wa mofini huchanganywa na maji, ukawa dawa ya kunywa ya bei nafuu. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, maana vijijini madaktari ni wachache. Kwetu Kenya, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na Kisumu pia kuna hospisi. Lakini kutoka Kisumu hadi Mfangano, au hadi Migingo kule Migori, ni safari.

Kwa nini utafiti, kama dawa zipo?

Kwa sababu dawa haisaidii kama mgonjwa haeleweki. Mjaluo akiumwa kichwa husema "wiya bara", yaani kichwa kinapasuka. Akiumwa tumbo husema "iya kaya", yaani tumbo linang'ata. Hata Kiswahili ni hivyo: tumbo huuma kama mbwa anavyouma. Sasa mgeni anakuja na karatasi anasema, "Toa alama kutoka 0 hadi 10." Mzee wa Kisuba atamjibuje?

Shirika la huduma hii barani Afrika, lenye makao yake Kampala, lilitengeneza kipimo kinachotumia mkono. Ngumi iliyofungwa ni kusema hakuna maumivu. Vidole vitano ni maumivu makali kabisa. Ni jambo dogo, lakini halikupatikana bila kukaa na wagonjwa na kuwasikiliza.

Kuna na mila. Mvuvi hufundishwa tangu utoto kwamba mwanamume halii. Mwingine akikonda, jamaa husema ni chira, na manyasi hutafutwa kwanza. Mtafiti akicheka mambo haya hataambiwa lolote. Akisikiliza, atajua mgonjwa huchelewa wapi, na nani nyumbani huamua aende hospitali.

Tena tunajua jambo hili linawezekana. Mfangano kumefanyika utafiti kuhusu vikundi vya watu waliosaidiana katika matibabu ya virusi vya ukimwi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Ulitegemea urafiki na ujirani uliokuwapo tayari.

Fedha zitoke wapi, ziende wapi?

Sheria ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Wako pia wafadhili wa nje, vyuo vikuu na makanisa. Lakini fedha hufuata njia ya lami. Ni rahisi kuwahoji watu 100 mjini kuliko 20 kisiwani. Kwa hiyo bajeti isiyo na boti, mafuta, jaketi za kuokolea na mkalimani ni bajeti iliyosahau ziwa.

Na jambo kubwa zaidi: si haki kumuuliza mtu maumivu yake, ukaandika, kisha ukaondoka ukamwacha nayo. Utafiti wa maumivu uje pamoja na dawa na mhudumu aliyefunzwa.

Kikundi kifanye nini?

Mtafiti akija, msimfukuze wala msikubali haraka. Mwulizeni:

1. Ana kibali cha NACOSTI na cha kamati ya maadili?
2. Fedha ni za nani, na kisiwa kitapata nini?
3. Mtu akikataa, au akijitoa katikati, atanyimwa matibabu? Jibu la haki ni hapana.
4. Matokeo yataletwa lini barazani, kwa lugha yetu?
5. Mgonjwa mwenye maumivu makali atasaidiwaje siku hiyo hiyo?

Pia kikundi kinaweza kuanza bila mfadhili. Pamoja na mhudumu wa afya ya jamii, hesabuni nyumba zenye mgonjwa anayeumwa kila siku, bila kutangaza majina. Andikeni alisafiri umbali gani na nauli ilikuwa ngapi. Karatasi hiyo ipelekeni kwa wawakilishi wenu kaunti inapopanga bajeti. Ni vigumu kuikataa hesabu iliyofanywa na wenyewe.

Ya kujadili

Katika kijiji chenu, nani anaumwa kimya kimya? Nani humsikiliza? Boti ya nani inaweza kuondoka usiku, na nani atalipa mafuta?