Je, Picha ya Simba wa Kizimbani ni Picha ya Mnyamapori?

Ukiingia dukani, kwa kinyozi, hotelini au hata katika ofisi ya shule, mara nyingi hukosi kuona kalenda yenye picha ya simba. Manyoya ya shingo yamepangika vizuri, macho yanang'aa, na chini yake pameandikwa kwa herufi kubwa kuwa huyo ni mnyamapori. Sisi hutazama, tukasifu, tukaenda zetu. Ni wachache wanaouliza: simba huyu alipigwa picha wapi? Alikuwa nyikani akiwinda, au alikuwa nyuma ya seng'enge akingoja kuletewa nyama?

Swali hili si la mzaha. Duniani kuna mashindano makubwa ya picha za wanyamapori, tena yenye zawadi nono. Katika makala haya nitaeleza tofauti ya picha hizo mbili, na kwa nini naona picha ya mnyama aliyefungwa isihesabiwe kuwa picha ya mnyamapori, hata ikiwa inapendeza namna gani.

Tuanze na neno lenyewe, maana sisi ni wanachama wa Kiswahili. Mnyamapori ni mnyama wa pori. Lakini je, pori ni miti na nyasi tu? Hasha! Tazama mfano wa Nairobi. Pale karibu na lango kuu la Mbuga ya Wanyama ya Nairobi kuna makao ya wanyama yatima yaliyofunguliwa mwaka wa 1964. Simba aliye katika makao hayo yumo katika eneo la mbuga, lakini hawindi. Chakula huletewa, na mlango wake hufungwa na binadamu. Sasa watazame korongo marabu, wale ndege wakubwa wenye upara, wanaojenga viota juu ya migunga ya barabarani katikati ya kelele za matatu. Hakuna aliyewafungia. Wakichoka na jiji huruka wakaenda watakako. Kumbe basi simba aliye mbugani ndiye mfungwa, na korongo aliye mjini ndiye wa pori! Kwa hivyo pori si mahali tu. Pori ni uhuru.

Mwingine ataniuliza, "Na Ziwa Nakuru je? Si mbuga ile imezungushiwa ua wa umeme?" Ni kweli, imezungushiwa. Lakini eneo lake ni kama kilomita mraba 188. Simba wa humo hujitafutia chakula mwenyewe, na chui akiamua kujificha unaweza kuzunguka na gari kutwa nzima usimwone hata mkia. Kwa maoni yangu, kipimo ni maswali matatu. Nani anamlisha? Nani anaamua atakuwa wapi leo? Na je, akitaka kukukwepa wewe mwenye kamera, anaweza? Mnyama asiyeweza kukukwepa ni mfungwa, hata akizungukwa na miti mizuri.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwaka wa 2009, katika mashindano ya mpiga picha bora wa wanyamapori yanayoandaliwa na makumbusho ya Natural History Museum ya London, mshindi alikuwa Mhispania aitwaye José Luis Rodríguez. Picha yake ilimwonyesha mbwa mwitu wa Ulaya akiruka lango la mbao usiku. Ilikuwa picha ya kushangaza kweli kweli, na zawadi yake ilikuwa pauni 10,000. Lakini watu wakaanza kunong'ona. Mbona mbwa mwitu aruke lango ilhali angeweza kupenya katikati ya mbao? Wapiga picha wa Uhispania wakasema mnyama huyo wanamjua, anaitwa Ossian, na anaishi katika bustani ya wanyama karibu na Madrid. Mwenye picha alikana kabisa. Hata hivyo, Januari 2010 waamuzi walisema kuwa yaelekea sana mnyama huyo alikuwa amefugwa na kufunzwa, nayo sheria za mashindano zilikataza hivyo. Ushindi ukafutwa.

Labda utasema, "Si ni picha tu! Imemwumiza nani?" Nitakueleza.

Kwanza, picha hufundisha. Mwaka wa 1958 kampuni ya Disney ilitoa filamu iitwayo White Wilderness, iliyoonyesha wanyama wadogo kama panya, waitwao lemming, wakijirusha majini kwa wingi ati wanajiua. Filamu hiyo ikapata tuzo ya Oscar. Mwaka wa 1982 watangazaji wa televisheni ya CBC ya Kanada walifichua ukweli. Wanyama hao walikuwa wamenunuliwa, wakapelekwa Alberta, mahali ambapo hata si kwao, kisha wakasukumwa kutoka kwenye genge mbele ya kamera. Lakini hadi leo wako watu wanaoamini kuwa mnyama huyo hujiua. Njia ya mwongo ni fupi, lakini uwongo wenye picha huchukua muda mrefu kuondoka vichwani mwa watu.

Pili, mnyama mwenyewe huumia. Huko Marekani kuna mashamba yanayofuga mbwa mwitu, puma na hata chui kwa ajili ya wapiga picha. Mteja hulipa, mnyama hutolewa tunduni, akapelekwa mahali penye mandhari safi na kushawishiwa kwa nyama ili akimbie au aruke. Kazi ikiisha hurudishwa tunduni. Tukizihesabu picha hizo kuwa za wanyamapori na kuzipa zawadi, tunawapa wenye mashamba hayo sababu ya kujenga matundu mengine.

Tatu, kuna haki ya yule aliyetoa jasho. Mtu aliyelala kichakani siku kumi akingoja dakika moja hawezi kulinganishwa na aliyelipa saa moja. Ni kama mtu anunue samaki sokoni, kisha apigwe picha ameshika ndoano.

Lakini wanaopinga nao wana hoja. Wanasema wanyama wengine wamebaki kifungoni tu, na bila picha hizo tungewasahau. Hapo nakubali. Mfano ni faru mweupe wa kaskazini aliyeitwa Sudan. Aliletwa Ol Pejeta, Laikipia, mwaka wa 2009 kutoka bustani ya wanyama ya huko Cheki, akaishi katika ua maalum akilindwa na askari wenye bunduki hadi alipokufa Machi 2018. Alikuwa dume wa mwisho wa aina yake, na waliobaki nyuma yake walikuwa majike wawili, Najin na Fatu. Picha zake ziliwaliza watu duniani kote.

Tena kuna Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini Malindi Desemba 2004, wakati wa tsunami, akapelekwa Haller Park, Mombasa. Huko alifanya urafiki na kobe mkubwa aitwaye Mzee, aliyekisiwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi. Picha zao zilizopigwa na Peter Greste zilizunguka dunia nzima. Je, kuna aliyedanganywa? La. Kila mtu aliambiwa kuwa hao wanaishi Haller Park na wanatunzwa na watu. Ukweli huo ndio uliozifanya picha zipendwe. Kwa hiyo kosa si kumpiga picha mnyama wa kizimbani. Kosa ni kumvika joho la uhuru asilokuwa nalo.

Ndiyo maana mwaka wa 2014 vyama vitatu vikubwa vya wapiga picha, yaani FIAP, Photographic Society of America na Royal Photographic Society ya Uingereza, vilikubaliana kuwa picha za wanyama wa bustani na wa mashamba hayo zisiingizwe katika kundi la wanyamapori. Mnyama awe huru.

Hoja ya mwisho inatugusa sisi wenyewe. Wengine husema, "Mwanafunzi wa shule ya kutwa ambaye nauli ya matatu ni taabu atafika Maasai Mara lini? Mwacheni apige picha ya simba wa wavuni." Ni kweli, wengi wetu simba tumemwona kupitia wavu tu. Basi mpige picha ukipata simu ya kuazima, lakini andika chini yake, "Simba, kizimbani." Maneno hayo mawili hayagharimu chochote. Na ukimtaka wa pori hasa, huna haja ya kwenda mbali. Yuko mwewe anayenyakua mandazi mkononi mwako wakati wa mapumziko. Yuko kinyonga kwenye ua wa shule, na tumbili anayeiba mahindi ya jirani. Hao hakuna anayewafungulia mlango asubuhi. Jaribu kumpiga picha mwewe huyo, ndipo utakapojua kwa nini asiyefungwa anastahili kundi lake mwenyewe.