Boycott: Kapteni Aliyegeuka Kitenzi

Vyama vikijitoa kwenye uchaguzi, magazeti ya Kiingereza huandika «boycott», nasi tunasema «kususia». Tafsiri ni sahihi, ila neno lenyewe lilianza kama jina la mtu.

Kapteni Charles Boycott, Mwingereza, alisimamia mashamba ya kabaila Lord Erne huko Mayo, Ireland. Mwaka 1880 wakulima waliokodi mashamba hayo waliomba kodi ishushwe kwa asilimia 25. Kabaila akakubali 10 tu. Kapteni akaanza taratibu za kuwafukuza walioshindwa kulipa.

Septemba 19 mwaka huohuo, mwanasiasa Charles Parnell aliwahutubia watu mjini Ennis. Atakayechukua shamba la jirani aliyefukuzwa, aliwaambia, msimpige, mtengeni: njiani, dukani, hata kanisani. Watu wa Mayo wakamgeuzia kapteni silaha hiyo. Vibarua wakaacha kazi, wenye maduka wakakataa kumuuzia. Ilibidi waletwe wavunaji 50 kutoka mbali, wakilindwa na askari wapatao 1,000, na gharama ya ulinzi ikapita mbali thamani ya mazao yenyewe. Desemba kapteni akafungasha, akaondoka.

Inasimuliwa kuwa ni Padri John O'Malley aliyependekeza jina lake liwe kitenzi, kwa kuwa neno la kisomi la kutengwa lingewashinda wanakijiji. Muda si mrefu Wafaransa na Wajerumani nao wakalichukua.

Kwa Kiingereza kitenzi hiki hubeba yambwa bila kihusishi: unasusia duka, bidhaa, kikao au kura. Kisichanganywe na kugoma. Anayegoma huzuia jasho lake. Anayesusia huzuia fedha yake, kura yake, hata salamu yake.

Kwetu, «susia» ni «susa» iliyonyambuliwa katika kauli ya kutendea, na susa ina harufu ya kununa. Mtoto hususa chakula, naye huambiwa: ukisusa, wenzio wala. Hapo ndipo Mayo inapotufunza. Kapteni alishindwa kwa sababu hakubaki mwenzio wa kula. Kijiji kizima kilinyanyuka kwenye sinia.

Basi mfasiri, ukikutana na neno hili, tazama kwanza wamesusa wangapi na wanadai nini. Wakiwa wengi wenye dai moja, andika «wamesusia» bila wasiwasi. Akiwa mmoja aliyekasirika, huyo amesusa tu.