Mmea wa Mkebe Usiojulikana Jina

Ndugu msomaji, tazama barazani pako. Labda pana mkebe wa zamani wa mafuta, na ndani yake mna mmea wenye majani marefu, magumu, yaliyosimama wima kama panga. Hakuna anayejua ulitoka wapi. Labda jirani alikuachia alipohama. Labda uliukuta siku ile ulipoingia katika nyumba. Huumwagilii maji, nao haufi. Unasahauliwa gizani nyuma ya mlango, nao haufi. Mwishowe watu husema, "Mmea wenye nguvu namna hii, lazima ni dawa."

Neno hilo ndilo tunalotaka kulitengeneza leo. Nguvu ya mmea ya kuishi ni jambo moja. Nguvu ya kuponya mtu ni jambo lingine. Usiyachanganye.

Siku moja mama mmoja alifika hospitalini akibeba mtoto wa miaka miwili. Mtoto alikuwa ametapika na kuhara tangu asubuhi, macho yake yameingia ndani. Tukauliza, "Mama, mtoto amekula nini?" Akajibu, "Munganga, hajala kitu. Nyanya yake alimnywesha dawa ya minyoo tu." "Dawa gani?" "Majani ya mkebe, yaliyotwangwa." "Majani hayo yanaitwaje?" Mama akanyamaza. Kisha akasema, "Jina hatulijui. Ni ule mmea usiokufa."

Kaka yake mtoto akatumwa nyumbani mbio, akaleta jani moja katika kitambaa. Tulipoliona tulilitambua. Mtoto akapewa maji yenye sukari na chumvi kidogo kidogo, na siku ya pili akaomba uji. Tulishukuru sana. Lakini fikiri: kama jani lile lingekuwa la mmea mwingine, mambo yangekuwa mengine kabisa. Kwa hiyo, jifunze kuutambua mmea huu.

1. Utautambuaje?

Usitazame jambo moja tu. Tazama mambo matano.

Jani: ni nene na gumu, linatoka moja kwa moja katika udongo, halina shina. Mara nyingi urefu wake ni sentimeta 70 hadi 90, na upana kama vidole vitatu. Rangi yake ni kijani kibichi cha giza, na juu yake mna mistari ya kijivu inayokwenda upande kwa upande, kama ngozi ya nyoka. Mimea mingine ya namna hii ina ukingo wa rangi ya manjano.

Ukingo na ncha: ukingo hauna miiba. Kama majani yana miiba pembeni, na ndani mna ute mwingi, huenda huo ni mshubiri. Kama ncha ina mwiba mkali kama sindano, huenda ni katani ya mashamba.

Maji ya jani: ukilikata, maji yake hayana rangi ya maziwa. Ndani utaona nyuzi ngumu. Watu wa zamani walizitoa nyuzi za mimea ya jamaa hii, wakasokota kamba za upinde.

Mzizi: chini ya udongo mna shina nene linalotambaa, na kutoka humo machipukizi mapya hutokea. Likikosa nafasi, linaweza kupasua chungu.

Ua: halionekani kila mwaka. Likitoka, ni fimbo yenye maua madogo meupe yaliyochanganyika na kijani, na harufu yake nzuri husikika usiku.

Ukiyaona haya yote matano, umekwisha kuupata. Wataalamu huuita Dracaena trifasciata. David Prain aliuandika mwaka 1903 kwa jina Sansevieria trifasciata, na jina hilo bado linatumiwa na watu wengi. Mwaka 2017 uliwekwa katika jamaa ya Dracaena, neno la Kigiriki lenye maana ya joka jike. Wenye kusema Kifaransa huuita ulimi wa mama mkwe. Tena sikia jambo la kufurahisha: mmea huu si mgeni. Kwao ni Afrika, toka Nijeria hata Kongo yetu. Ule wenye ukingo wa manjano ulichukuliwa Kongo na Mbelgiji Émile Laurent, naye Émile De Wildeman akauandika mwaka 1904. Sasa unakaa madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, na wewe unao barazani bila kulijua jina lake.

2. Mimea miwili usiyopaswa kuichanganya na huu

Wa kwanza ni Dieffenbachia. Huu nao hupandwa sana katika mikebe. Majani yake ni mapana na laini, yenye madoa meupe, na shina lake ni nene lenye pingili kama muwa. Mtoto akiutafuna, mdomo huwaka kama moto, ulimi na koo huvimba, hata sauti huweza kukatika. Mpanguse kinywa kwa kitambaa chenye maji, mpe maji baridi au maziwa kidogo kidogo kama anaweza kumeza, umlete hospitalini. Akipumua kwa shida, usingoje hata kidogo.

Wa pili ni ile mimea ya ua wa nyumba inayotoa maziwa meupe ikikatwa, ya jamaa ya Euphorbia. Maziwa hayo yakiingia jichoni huumiza vibaya, na huweza kuharibu macho. Osha jicho kwa maji safi mengi, robo saa au zaidi, kisha uje hospitalini. Usitie kitu kingine jichoni.

3. Je, mmea wetu ni dawa?

Hapa usikie vizuri. Ndani ya majani yake mna vitu vinavyofanya povu kama sabuni. Vikiingia tumboni huleta kichefuchefu, kutapika na kuhara. Mtu mzima huenda akaumwa kidogo tu. Lakini mtoto mdogo hukaukiwa maji upesi, na kukaukiwa maji huua.

Kwa minyoo: usimnyweshe mtoto majani haya. Kutapika si dalili kwamba minyoo inatoka. Ni dalili kwamba tumbo linakataa. Dawa ya minyoo inapatikana katika dispensari, nayo imepimwa kwa umri wa mtoto.

Kwa nyoka: wengine hudhani kwamba mmea wenye ngozi kama ya nyoka hufukuza nyoka, au huponya mtu aliyeumwa. Sivyo. Nyoka hupita karibu nao kama anavyopita karibu na majani mengine. Mtu akiumwa na nyoka, usichanje jeraha, usilinyonye, usifunge kamba ya kukaza, wala usipake maji ya jani. Mvue pete na bangili kabla hajavimba. Mlaze, mguu au mkono ule usitikisike, mbebeni upesi mpaka hospitali. Kila saa iliyopotea katika kutwanga majani ni saa iliyoibwa kwa mgonjwa.

Kwa moshi: siku hizi husemwa kwamba mmea huu husafisha hewa ya nyumba. Neno hili lilienea kwa sababu ya majaribio ya NASA ya Marekani, yaliyotangazwa mwaka 1989. Lakini majaribio hayo yalifanywa katika masanduku madogo yaliyofungwa kabisa. Nyumba si sanduku. Usiwashe mbabula ya makala chumbani, ukafunga mlango, ukautumaini mmea. Hewa ya makala huua watu usingizini, nayo haina harufu ya kukuonya. Toa mbabula nje, fungua dirisha.

Basi kazi ya mmea huu ni gani? Ni kuipendeza nyumba. Kazi hiyo inatosha.

4. Namna ya kuulea

Watu wanaoua mmea huu si wale wanaousahau. Ni wale wanaoupenda mno. Maji mengi huuozesha.

Toboa mkebe chini, matundu manne au matano kwa msumari, na utie mawe madogo. Changanya udongo sehemu mbili na mchanga sehemu moja. Usiuzike mmea kwa kina. Shina lile linalotambaa likae chini kidogo tu ya udongo.

Uweke barazani penye mwanga. Utavumilia kivuli, lakini penye mwanga utakua vizuri zaidi. Kama ulikaa ndani siku nyingi, usiutoe kwa ghafula kwenye jua kali la adhuhuri, maana majani yataungua.

Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole katika udongo. Kama ndani mna unyevu, acha. Kama mmekauka kabisa, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha ungoje tena. Wakati wa kiangazi, mara moja kwa majuma mawili au matatu huwa inatosha. Wakati wa masika uweke chini ya paa, mvua isiujaze. Usimwage maji katikati ya majani.

Kwa nini unavumilia kiu? Majani yake huweka maji ndani kama kibuyu. Tena, mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa, na hapo maji hupotea kwa jua. Huu hufungua vyake usiku, wakati wa baridi, nao hauharibu maji yake.

Jani likiwa la manjano na laini karibu na udongo, na kutoa harufu mbaya, mmea unaoza. Ung'oe, kata sehemu iliyooza kwa kisu safi, acha jeraha likauke siku mbili, kisha upande katika udongo mpya mkavu.

5. Namna ya kuuzidisha

Kuna njia mbili. Njia ya kwanza: ung'oe wote, ukate lile shina la chini, kila kipande kiwe na majani na mizizi yake. Acha vikauke siku moja au mbili, upande.

Njia ya pili: kata jani vipande vya urefu wa kidole. Tia alama upande uliokuwa chini, kwa maana ukigeuza juu chini hakitaota. Acha vikauke siku mbili au tatu, uvichomeke katika mchanga wenye unyevu kidogo. Uwe na saburi. Machipukizi huchukua miezi.

Lakini angalia. Ule wenye ukingo wa manjano ukiupanda kwa vipande vya jani, watoto wake watatoka kijani kitupu. Ukitaka manjano, tumia njia ya kwanza tu.

6. Sahani iliyo chini ya mkebe

Wengi huweka sahani chini ya mkebe ili maji yasichafue baraza. Maji yakikaa humo, mbu wa Aedes hutaga mayai yake ukingoni. Mbu huyu huuma mchana, naye hueneza homa ya manjano, dengue na chikungunya. Yai huweza kuwa mbu mzima kwa muda wa juma moja au zaidi kidogo. Kwa hiyo mwaga maji yale baada ya kumwagilia, na kila juma sugua sahani kwa nguvu, maana mayai hushika ukingoni na huweza kungoja makavu miezi mingi. Afadhali zaidi, ondoa sahani, utie mchanga mahali pake.

7. Mtoto akila mmea usioujua

Mtoe majani yaliyobaki kinywani, umsukutue. Usimtapishe kwa nguvu. Usimpe mafuta ya mawese. Chukua jani, na ua au tunda kama lipo, ulete pamoja na mtoto. Jani lile litatuambia upesi jambo ambalo mtoto hawezi kulisema.

Kama anatapika na kuhara, anza njiani kumpa maji haya: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi, umpe tena.

Sasa, ndugu, kabla hujaufunga ukurasa huu, nenda barazani. Itazame mikebe yako mmoja mmoja. Kila mmea ujiulize: jina lake ni nani? Maji yake ni ya rangi gani? Mtoto akiutafuna, nini kitatokea? Usipoweza kujibu, chukua jani moja, ulete siku ya kliniki ya watoto, ukaulize. Kuuliza si aibu. Mpaka upate jibu, weka mkebe ule juu, mahali mkono wa mtoto usipofika.

Yule nyanya wa mtoto bado anao mmea wake. Hakuutupa. Aliugawanya mara tatu, akawapa jirani zake, na kila anayempa humwambia jina lake, na humwambia tena, "Huu ni wa kutazama, si wa kunywa."