Nani atampa likizo mama wa nyumbani?

(Mazungumzo ya juma hili yaliyotangazwa redioni)

Mwulize mwanamume wa mjini mkewe anafanya kazi gani. Mara nyingi atakujibu bila kufikiri: "Hafanyi kazi, yupo tu nyumbani." Mwulize tena ni nani aliyepika uji alioondoka nao asubuhi, ni nani aliyefua shati alilovaa, na ni nani aliye na watoto wakati huu anapozungumza na wewe. Atacheka. Hakukusudia kumdharau mkewe. Ni mazoea tu ya ulimi. Lakini mazoea hayo yana gharama yake, na gharama hiyo huwa kubwa zaidi pale ambapo huyo "aliyepo tu nyumbani" ni mjamzito, naye ana watoto wengine ambao bado ni wadogo.

Leo nataka tuhesabu pamoja juma moja la mama wa namna hiyo. Tutalihesabia mkoani Mara, kwanza Musoma mjini, kisha Butiama na Bunda, maana kazi za nyumbani ni zile zile lakini uzito wake hubadilika kutoka mahali hadi mahali.

Tuanze Musoma, katika mtaa kama Nyasho. Tuseme mama huyu ana mimba ya miezi saba, mtoto wake mkubwa ana miaka sita, na mdogo hajatimiza miwili. Huamka saa kumi na moja alfajiri, akawasha jiko la mkaa, akapika uji, akamwogesha na kumvalisha mtoto wa shule. Mdogo naye kaamka, anataka kubebwa. Jumatatu ni siku ya kufua nguo zilizolala tangu Jumamosi. Jumanne ni kliniki, na kabla ya kwenda kupanga foleni lazima aache chakula cha mchana na atafute jirani wa kumwachia mtoto. Jumatano ni kwenda Mwigobero kutafuta samaki au dagaa, na dagaa wakifika nyumbani wanataka kuchambuliwa na kutolewa mchanga. Alhamisi mtoto mdogo kaamka na homa, na ratiba yote imevurugika. Ijumaa ni usafi wa nyumba, na kama ni familia ya Wasabato, kama zilivyo nyingi mkoani humo, chakula cha kesho yake nacho kinapikwa siku hiyo. Jumamosi na Jumapili wageni wanaingia. Wageni ni baraka, lakini baraka hiyo hula na huacha vyombo.

Katika hayo yote sijataja maji. Dumu la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20. Nyumba ya watu wanne ikitumia madumu matano kwa siku, hizo ni kilo 100. Kwa juma moja ni kilo 700, yaani sawa na magunia saba ya mahindi ya kilo mia mia. Mwenye bomba uani huyabeba kwa hatua chache. Asiye nalo huyanunua, au huyabeba kutoka mbali. Sijui kama yuko mwanamume ambaye angekubali kuambiwa apakue magunia saba kila juma halafu aitwe mtu asiye na kazi.

Sasa twende Butiama. Huko mama huyo huyo anaongezewa shamba. Mvua zikinyesha, palizi haimsubiri mjamzito. Magugu hayajui kwamba ana miezi saba. Kuni zinatafutwa. Maji ya ziwa yanavutwa kutoka Mugango kwa ajili ya Kiabakari na Butiama, lakini kwa mama ambaye kituo cha kuchotea kiko mbali na kwake, kilo zile 100 za kila siku bado zinapanda kichwani. Na ukifika Bunda, mji ulio kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, utamkuta mwenzake anachanganya mambo mawili kwa pamoja: nyumba na biashara ndogo. Alfajiri anakaanga maandazi ya kuuza, mchana anapika ya nyumbani. Wenye mashamba ya pamba wanajua pia kwamba msimu wa kuchuma ukifika kila mkono unatakiwa, na mkono wa mjamzito hauachwi nyuma.

Ndugu wasikilizaji, wako watakaosema: "Bibi zetu walilima hadi siku ya kujifungua, na hapakuwa na neno." Tuliangalie jambo hilo kwa makini. Kwanza, tunaowasikia wakisimulia ni wale waliopona. Waliokufa katika uzazi hawakubaki kutusimulia. Pili, bibi hakuwa peke yake. Katika boma alikuwa na mama mkwe, wifi, wake wenza na wasichana wa ukoo. Akichoka huyu, yule alichota maji. Akiugua huyu, yule alisonga ugali. Leo mama wa mjini anaishi katika vyumba viwili vya kupanga, mama mkwe yuko kijijini, wifi yuko Mwanza, na jirani naye ana mzigo wake. Kazi za boma zima zimebaki, watu wa boma wameondoka. Hilo ndilo badiliko ambalo wengi wetu hatujalihesabu.

Je, kuna ubaya gani mjamzito kufanya kazi? Kazi za kawaida si ubaya, na mwili kujongea una faida yake. Tatizo ni wingi na uzito wa kazi, na kukosa kupumzika. Mama akiwa na mimba, damu mwilini mwake huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi alichokuwa nacho, na moyo wake husukuma zaidi hata akiwa amekaa. Mwili unahitaji madini ya chuma mengi zaidi kutengeneza damu ya mama na ya mtoto. Ndiyo maana kliniki hutoa vidonge vya kuongeza damu. Tena kandokando ya Ziwa Victoria malaria ni adui wa siku nyingi, na malaria hula damu hiyo hiyo. Kwa hiyo mjamzito hupewa chandarua na dawa ya kumkinga, na inafaa avitumie kama alivyoelekezwa.

Lakini hatari ninayotaka tuione leo ni nyingine. Kazi nyingi huficha ugonjwa. Mama aliyepungukiwa damu huhisi kizunguzungu na kuishiwa pumzi, akasema: "Ni uchovu tu." Uso na mikono vikimvimba, husema amesimama sana. Kichwa kikimwuma mfululizo na macho kuona ukungu, husema ni moshi wa jiko. Kumbe hizo zaweza kuwa dalili za shinikizo la damu la mimba, na hali hiyo huweza kufikia kifafa cha mimba. Mtoto tumboni akipunguza kucheza, mama hana nafasi ya kutulia nusu saa akamsikiliza. Katika nyumba ambamo mtu amechoka kila siku, hakuna anayeweza kutofautisha uchovu na ugonjwa, hata mwenyewe. Na mama anayefika siku ya kujifungua akiwa na damu kidogo hana akiba. Damu ambayo mwenzake angeipoteza akapona, yeye yaweza kumwua.

Suala hili si geni katika nchi yetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi wakati mwingine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, na likawauliza wanaume wao hufanya kazi saa ngapi. Aliyeliongoza taifa kutoa Azimio hilo, Mwalimu Julius Nyerere, alizaliwa Butiama mwaka 1922, na alipofariki mwaka 1999 alizikwa huko huko. Aliyajua maisha ya akina mama wa Mara tangu utotoni.

Mahakama nayo imesema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka mahakama, wakati wa kugawa mali ya wanandoa walioachana, iangalie mchango wa kila mmoja. Watu walibishana: je, kupika na kulea ni mchango? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali hiyo. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu katika nyumba aliyoidai, kwa sababu nyingine za kesi yake, lakini msingi uliowekwa siku hiyo umewasaidia wengi waliomfuata.

Basi kama ni kazi, likizo yake iko wapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa anayejifungua likizo ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Baba mwajiriwa hupewa angalau siku tatu. Mama wa nyumbani hayumo humo, maana hana mwajiri. Mila zetu nyingi humpumzisha mzazi hadi arobaini, na hiyo ni desturi njema; lakini humpumzisha baada ya kujifungua. Miezi mitatu ya mwisho kabla ya hapo, ambapo mzigo umekuwa mzito kuliko wakati wote, hakuna sheria wala mila inayoihesabu. Likizo hiyo yaweza kutolewa na watu wa nyumba yake tu.

Itatolewaje? Kwanza, kaeni baba na mama mwandike kazi zote za juma, kama tulivyofanya hapa. Wengi watashangaa urefu wa orodha. Kisha ziondoeni kwake zile nzito: maji, kuni, gunia la mkaa, kufua mablanketi, kumbeba mtoto mkubwa mgongoni. Mtoto wa miaka sita, wa kike au wa kiume, anaweza kukusanya vyombo, kufagia, na kumchezesha mdogo wake mama akiwa karibu. Mgeni wa kukaa naye apewe kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mchana, kila siku, mama apate muda wa kulala bila kuitwa.

Pili, kliniki isingoje tumbo lionekane. Hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya juma la 12, na tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri mama aonane na watoa huduma angalau mara nane kabla ya kujifungua. Siku hiyo baba au ndugu mwingine abaki na watoto, au baba aende naye. Tatu, wekeni mapema nauli, vifaa, jina la mtu wa kubaki na watoto usiku ukiingia uchungu, na ndugu aliye tayari kutoa damu. Nne, nyumba nzima izijue dalili za kukimbizwa hospitali bila kungoja kesho: kutoka damu, maji ya uzazi kutoka kabla ya wakati, kuumwa sana kichwa, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, maumivu makali ya tumbo, na mtoto kupunguza au kuacha kucheza.

Najua liko jambo linalowazuia akina baba, nalo ni aibu. Anayeonekana na ndoo ataambiwa kapewa limbwata. Lakini tujiulize: wale wanaopita mitaani na baiskeli zenye madumu wakiuza maji ni akina nani? Wengi ni wanaume, na hakuna anayewacheka. Maji yakiwa ya kuuza ni kazi ya mwanamume. Yakiwa ya mkewe mjamzito yamekuwa aibu! Kama fedha huiondoa aibu hiyo, basi haikuwa mila. Ilikuwa kisingizio.

Na yule mama ambaye hana mume wa kumsaidia, mumewe yuko ziwani au migodini, au alimwacha? Hapo ndipo ujirani unapopimwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Dumu moja kutoka kwa kila jirani kwa siku, na kubadilishana kulea watoto siku za kliniki, ni jambo dogo kwa anayelitoa. Kwa anayelipokea, juma zima hupumua.

Ndugu wasikilizaji, kama nyumbani kwako au jirani yako yuko mjamzito mwenye watoto wadogo, usimwulize anaendeleaje. Atakujibu "salama," kama sisi sote tujibuvyo. Mwulize ni dumu la ngapi hilo analobeba leo, kisha mpokee.