Makombo ya Pilau Nusura Yamuue Mbwa Wetu

Mama alipotutembelea hapa Leicester kutoka Moshi, alimhurumia Simba, Labrador wetu, kwa kulishwa chakula kikavu cha mfuko kila siku. "Kwetu mbwa hula tunachokula," alisema. Siku ya Krismasi akammiminia makombo ya pilau, yenye vitunguu na zabibu kavu tele.

Nilipoona sahani tupu nilimpigia simu daktari wa mifugo. Akasema nimlete mara moja, nisisubiri dalili. Zabibu, hata chache, huweza kuharibu figo za mbwa. Vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu. Simba alitapishwa, akawekewa dripu, akalazwa siku mbili huku figo zake zikipimwa. Akapona.

Mama alilia. "Mwanangu, sikujua." Mimi nilijua, ila sikumwambia.

Sasa mlangoni mwa friji tumebandika karatasi ya Kiswahili: vitunguu, vitunguu saumu, zabibu, chokoleti, Simba hapewi. Kila mgeni huonyeshwa kabla hajavua koti. Na Mama akipiga simu, swali lake la kwanza ni, "Simba amekula nini leo?"