Shimo Lisilofunikwa

Leo twataka kuwapeleka mbali, kwenye mito ya mashariki ya Australia na kisiwa cha Tasmania, tumwangalie mnyama aitwaye platipasi. Wengine humwita kinyamadege kwa Kiswahili, na jina hilo lamfaa. Ana manyoya laini na mkia mpana, lakini mdomo wake ni kama wa bata. Hutaga mayai, na watoto wakisha kuanguliwa hunyonya. Wala mama hana chuchu, bali maziwa humtoka ngozini nao huyalamba. Dume ana mwiba wenye sumu katika kila mguu wa nyuma, mfano wa kipi cha jogoo. Mwaka wa 1799 mtaalamu George Shaw wa Uingereza alipoandika habari zake, alishuku kwamba huenda mtu ameshona mdomo wa bata kwenye mwili wa mnyama mwingine. Hatumlaumu.

Lakini la ajabu zaidi ni jinsi anavyowinda. Azamapo majini hufumba macho, masikio na pua. Basi hupataje chakula? Kamba wa mtoni au mdudu wa matopeni akijitikisa, mwili wake hutoa umeme hafifu sana, na mdomo wa platipasi huuhisi. Hivyo ndivyo Muumba alivyomjalia kula gizani. Walakini yeye si samaki. Baada ya dakika moja au mbili ni lazima apande juu kuvuta pumzi.

Sasa sikilizeni. Watu wa huko hupenda kula kamba wa mtoni, na kwa miaka mingi waliwatega kwa wavu uliofungwa pande zote, wenye milango ya kuingilia isiyoruhusu kutoka. Ndugu zetu wa Pwani wanaojua dema wataelewa mara moja. Mtego hulazwa chini ya maji usiku, wakati ule ule platipasi anapotafuta riziki. Hufuata chakula, akaingia, na njia ya kutokea asiione. Kwa dakika chache amekufa maji. Pengine hufa zaidi ya mmoja katika mtego mmoja, na akifa mama anyonyeshaye, watoto walio shimoni ukingoni mwa mto nao hufa njaa.

Mvuvi hakumkusudia. Alitaka kamba tu. Lakini mwishoni mwa sura ya 21 ya Kitabu cha Kutoka imo sheria ya mtu aliyechimba shimo asilifunike, mnyama wa mwenzake akatumbukia. Haulizwi kama alikuwa na nia mbaya, anatakiwa kulipa. Twaisoma upesi upesi kana kwamba ni ya wafugaji wa kale, hali sisi wenyewe twayajua machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi yakajaa maji ya mvua, na watoto wa watu wakafia humo.

Jimbo la Victoria lilipiga marufuku mitego hiyo Julai 2019, na New South Wales ikafuata mwaka wa 2021. Lililotupendeza ni kwamba wavuvi wa Victoria hawakuambiwa tu waache. Waliporudisha mitego ya zamani walipewa bure nyavu zilizo wazi juu. Kamba bado huvuliwa, na platipasi hupata njia ya kupanda juu.

Hatari nyingine zipo: mabwawa, ukame, mbweha walioletwa kutoka Ulaya, hata taka za plastiki zinazomkaba shingo. Katika Hifadhi ya Royal, kusini mwa Sydney, platipasi hakuwa ameonekana tangu miaka ya 1970. Mwaka wa 2023 watafiti waliwarudisha kumi, na mwaka uliofuata wakamkuta jike mchanga aliyezaliwa katika mto ule ule.