Kabla ya Kusoma Nambari, Mtazame Alivyokaa

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kipimo kidogo kinachoweza kumtoa kijana katika timu bila ya kosa lolote.

Jioni moja nilikuwa Madungu, mjini Chake Chake, Pemba. Vijana walikuwa wakichaguliwa kwa timu ya kuvuta kamba. Mwalimu wao alikuwa na kifaa cha kupimia nguvu za mkono: unakibana kwa kiganja, mshale unaonyesha kilo. Wa kwanza alikibana amekaa kitini, kiwiko amekikunja. Wa pili alisimama, mkono chini. Wa tatu alichutama, na kifundo cha mkono amekikunja kwa ndani. Huyu wa tatu aliachwa kwa tofauti ya kilo tatu tu. Akasema, "Mwalimu, wenzangu hawakukaa kama mimi." Akajibiwa, "Nambari haisemi uongo, mwanangu."

Ni kweli haisemi uongo. Lakini je, vijana wale walipimwa kitu kimoja?

Jaribu hapo ulipo. Kunja kifundo cha mkono kwa ndani mpaka mwisho, kisha shika kidole cha mkono wa pili ukibane. Sasa nyoosha kifundo, ubane tena. Umeona? Mkono ni ule ule, nguvu zimebadilika.

Sababu iko ndani ya musuli. Musuli umejengwa kwa nyuzi nyembamba zinazopishana na kuvutana. Mwaka 1966, wataalamu Gordon, Huxley na Julian walionyesha mjini London, kwa kutumia musuli wa chura, kwamba nguvu hutegemea nyuzi hizo zimepishana kiasi gani. Musuli ukifupishwa mno au ukinyooshwa mno, hazishikani vizuri. Kifundo kikikunjwa, misuli ya vidole hufupika, na mkono hulegea.

Sababu ya pili ni wenzo. Ndoo ya maji ukiining'iniza ubavuni utafika nayo nyumbani. Ishike kwa mkono ulionyooshwa mbele, hutahesabu mpaka ishirini. Maji hayakuongezeka, umbali wa mzigo na bega ndio ulioongezeka.

Nguvu hii ya kukaza bila kiungo kusogea wataalamu huiita isometriki. Ndiyo nguvu ya kamba, mchezo tunaouona katika michezo ya Mei Mosi na SHIMIWI, na ambao ulikuwamo katika Olimpiki tangu 1900 hadi 1920. Kamba imetulia, watu wanatoka jasho, hakuna anayekwenda. Wazoefu hulala nyuma, miguu wameikita mbele. Anayesimama wima huburutwa, hata awe na kifua cha fahali.

Kwa hiyo wapimaji makini huanza na mkao. Mwaka 1981, chama cha watabibu wa mikono cha Marekani kilipendekeza utaratibu: mtu akae, mkono wa juu uwe karibu na mbavu, kiwiko kikunjwe digrii 90, kifundo kisikunjwe kwa ndani, abane mara tatu na ichukuliwe wastani. Wanaopima nguvu za miguu nao hupima pembe ya goti na ya nyonga, wakaiandika. Wiki ya pili mchezaji hurudishwa katika pembe ile ile, la sivyo hawatajua kama mazoezi yamemsaidia au amebadilisha mkao tu.

Wapemba hawahitaji kufundishwa jambo hili. Anayechuma karafuu anajua kwamba pishi iliyofurika si sawa na pishi iliyosawazishwa kwa kiganja, ijapokuwa zote huitwa pishi.

Ombi langu kwa walimu wa michezo halina gharama. Tafuteni kiti kimoja na daftari moja. Wote wakae namna moja, na kando ya kilo uandikwe mkao. Kisha yule kijana aliyechutama aitwe tena. Huenda akashindwa, lakini ashindwe na mwenzake, asishindwe na goti lake.